Phnom Penh kwa miguu: jibu kwa waliosema tunajitesa

Jumapili iliyopita niliweka humu video za msafiri mmoja anayetembea kutwa nzima kwa miguu katika Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Vipande sita. Haongei hata neno moja, kamera ameifunga kifuani, unasikia tu viatu vyake, honi za pikipiki na watu wanaoongea lugha usiyoijua. Kabla saa moja haijaisha kaka mmoja akaandika chini yake: "Kumwonyesha mtu aliyefungiwa ndani watu wanaotembea huko nje, huo ni ukatili." Vidole gumba vikamiminika. Dada mwingine akaongeza kwamba tunajitesa wenyewe, tena kwa bando la kununua.

Nilitaka kujibu palepale kwa mistari miwili, nikaona haitoshi. Jibu ndo hili. Ni refu, nivumilieni.

Mimi nasema tuangalie. Tena tuangalie na ramani pembeni, turudishe nyuma, tuulize hapa ni wapi na kulitokea nini. Na ninyi ndugu wa mashirika mnaotusoma humu kimyakimya (tunawaona, msijifiche), nina ombi lenu kule chini. Msirukie mwisho.

Jamaa anaanza asubuhi, jua bado halijawa kali, pale Wat Phnom. Ni hekalu juu ya kilima, na jina la mji limetoka hapo. Phnom ni kilima, Penh ni jina la bibi mmoja. Wenyewe wanasimulia kwamba mwaka 1372 bibi huyo aliona gogo linaelea mtoni, akalivuta, akakuta ndani yake sanamu nne za Buddha, basi akataka kilima kirundikwe na hekalu lijengwe juu yake. Kilima chenyewe kina urefu wa mita 27. Sisi tuliozaliwa kwenye milima ya Kivu tungekiita kichuguu. Lakini mji ni tambarare kabisa, kwa hiyo hicho kichuguu ndo mlima wao, na wanakiheshimu.

Kuna kitu msafiri hakukionyesha, na simlaumu, maana hakipo tena. Upande wa kaskazini magharibi ya kilima hicho kulikuwa na ziwa, Boeung Kak. Kuanzia mwaka 2008 likajazwa mchanga ili pajengwe, na maelfu ya familia zilizoishi pembeni yake zikaondolewa. Wanawake wa pale waliandamana miaka mingi, wengine wakafungwa. Ukiangalia ramani ya zamani unaona maji, ukiangalia ya sasa unaona ardhi kavu. Ndiyo maana nasema ramani pembeni. Miguu peke yake haiwezi kukuambia kilichoondolewa.

Kutoka kilimani anashuka, anapita posta ya zamani iliyojengwa na Wafaransa, anaelekea Phsar Thmei, yaani soko jipya, ingawa lilifunguliwa 1937. Ni jengo la rangi ya njano lenye kuba kubwa katikati na mikono minne kama msalaba. Ndani ya kuba wanauza saa na dhahabu, nje kwenye mikono wanauza nguo, samaki, maua, kila kitu. Hapo anakaa kula kuy teav, supu ya tambi za mchele ambayo watu wa kule wanaila asubuhi kama sisi tunavyokunywa uji. Dakika kumi na mbili nzima kamera inaangalia bakuli! Kaka aliyesema ukatili, hapo nakubaliana na wewe. Dakika kumi na mbili za supu ni ukatili.

Sokoni kuna sehemu nimeirudia mara tatu. Mama mmoja amepanga ndoo za prahok, samaki waliopondwa wakachachushwa kwa chumvi, ndo kiungo cha karibu kila mboga ya kule. Wapita njia wageni wanashika pua. Mama hana habari, anapepea nzi, anaongea na simu. Nikakumbuka ndagala za Uvira zikianikwa ufukweni, na jinsi wageni wa mashirika walivyokuwa wanafunga vioo vya gari. Kumbe harufu ya nyumbani inafukuza wageni dunia nzima.

Halafu barabara. Phnom Penh ina njia za waenda kwa miguu, lakini usifikiri zinatumika kutembea. Zimejaa pikipiki zilizopaki, viti vya plastiki, majiko, vibanda vya miwa. Mtu wa miguu anashuka barabarani pamoja na magari. Na kuvuka kuna ufundi wake. Husubiri magari yaishe, hayaishi. Unaingia taratibu, kwa mwendo uleule, husimami, hurudi nyuma, na pikipiki zinakuzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Ukikimbia ndo unagongwa, maana dereva hajui utakuwa wapi. (Msijaribu kwenye barabara ya Salima. Hapa utaratibu huo haujulikani.)

Kupotea ni vigumu. Mitaa imepewa namba. Namba witiri zinaenda kaskazini hadi kusini, namba shufwa zinaenda mashariki hadi magharibi. Mtoto wa darasa la nne akijua hesabu zake anafika. Nyumba ndo vurugu, namba zinajirudia kwenye mtaa uleule, lakini hilo tuwaachie watu wa posta.

Kufikia saa nne yuko mtoni. Mnaotoka pande za Tanganyika mngependa hapa. Mbele ya Kasri la Mfalme mito inakutana: Mekong, Tonle Sap na Bassac. Wanapaita Chaktomuk, nyuso nne. Na huo mto Tonle Sap unafanya jambo ambalo mwalimu wangu wa jiografia hakuwahi kulitaja. Mvua zikishika, Mekong inajaa mpaka inausukuma Tonle Sap urudi nyuma, maji yanapanda kuelekea ziwani badala ya kushuka. Mvua zikipungua, mto unageuka tena. Kila mwaka! Kwenye mwezi wa kumi na moja hivi wanafanya sikukuu ya maji, mashindano ya mitumbwi mirefu, mji wote unakaa ukingoni. Kasri lenyewe nalipita haraka, na Hekalu la Fedha ambalo sakafu yake ina vigae zaidi ya 5,000 vya fedha. Msafiri naye aliangalia bei ya kuingia akaendelea na safari. Nilimpenda kwa hilo.

Sasa tufike penyewe.

Saa nane mchana, jua la kuchoma, anaingia Mtaa wa 113. Ukuta, waya wa miiba, majengo ya ghorofa tatu yenye veranda ndefu. Mtu yeyote aliyesoma shule anajua hapo ni shule. Ni kweli, ilikuwa sekondari. Mwaka 1975 watawala wa Khmer Rouge wakaifanya gereza, jina lake S-21, siku hizi ni makumbusho ya Tuol Sleng. Madarasa yaligawanywa kwa matofali na mbao kuwa vyumba vya mtu mmoja. Zaidi ya watu 12,000 walipita humo wakauawa, waliotoka hai wanahesabika kwa vidole. Pale getini msafiri anazima kamera. Kipande kinachofuata kinaanza akiwa ameshatoka, anatembea polepole kuliko asubuhi, na hapigi picha ya kitu chochote kwa muda. Nadhani alifanya sawa. Kuna watu wangepiga selfi.

Nilivyokuwa naangalia nikawa nafikiri kuhusu sisi. Kule shule ilifanywa gereza. Dzaleka kwanza lilikuwa gereza, wazee wa Malawi wanalikumbuka la wakati wa Banda, na mwaka 1994 likawa kambi. Jina lenyewe wanasema ni kauli ya mfungwa, kwamba nimekoma, sirudii tena. Tunaishi ndani ya neno hilo kila siku, tunaliandika kwenye fomu. Majengo hayana kosa. Ni watu wanaoyageuza, na wanaweza kuyageuza tena.

Lakini kisa cha mji ule kinaanza kabla ya gereza, na kinaanza kwa miguu. Hapa nataka wale wa "tunajitesa" wasome taratibu.

Tarehe 17 Aprili 1975 Khmer Rouge waliingia Phnom Penh. Mji ulikuwa umefurika wakimbizi wa vita kutoka vijijini, watu kama milioni mbili. Siku hiyohiyo wakaamriwa watoke wote. Waliambiwa Wamarekani watapiga mabomu, mtakaa nje siku mbili tatu halafu mtarudi. Wagonjwa walitolewa hospitalini, wengine wakisukumwa juu ya vitanda vyao. Waliondoka kwa miguu kwenye barabara kuu zote, katika mwezi wa joto kali kuliko yote kule. Siku chache tu mji ulikuwa mtupu. Hakuna soko, hakuna shule, fedha yenyewe ilifutwa. Miaka mitatu na miezi minane watu walilimishwa kwa nguvu mashambani, na waliokufa kwa njaa, maradhi na kuuawa wanakadiriwa kuwa kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili. Majeshi ya Vietnam yalipoingia Januari 1979 yalikuta mji wa mizimu.

Msafiri wetu mchana ule anashuka na barabara ya Monivong, ndefu, pana, iliyojaa maduka ya simu. Sijui kama alijua. Miguu yake inakanyaga palepale watu walipopita wamebeba watoto na sufuria. Mimi nilijua kwa sababu nilisoma kabla, na kwa hiyo video yangu na yake si video moja.

Wengi wenu mlitembea. Mnajua siku ya kutembea bila kuchagua inakuwaje, unavyobeba vitu vya kijinga ukaacha vya maana. Mama yangu alibeba pasi ya mkaa. Pasi! Vyeti vikabaki.

Waliosalia kule Kambodia wengi walikimbilia mpaka wa Thailand. Kambi iliyojulikana zaidi, Khao-I-Dang, ilifunguliwa mwishoni mwa 1979 na kabla ya miezi sita ilikuwa na watu zaidi ya 100,000. Nyumba za mianzi, maji ya malori, uzio, na ruhusa ya kutoka hakuna. Ilifungwa 1993. Hesabuni wenyewe mtoto aliyezaliwa pale mwaka wa kwanza alikuwa na umri gani siku ya kufunga. Yaani alikuwa kama wale wadogo zetu wanaozaliwa hapa na kufanyia mitihani hapahapa.

Na kurudi kulikuwaje? Hii ni kwa ndugu wa mashirika hasa. Kuanzia Machi 1992 mpaka Aprili 1993 zaidi ya watu 360,000 walirudishwa Kambodia kwa mabasi na treni, kazi iliyosimamiwa na UNHCR chini ya Sergio Vieira de Mello. Mpango wa kwanza ulikuwa kumpa kila mkulima ardhi. Wakaenda kupima ardhi, wakakuta nyingi imetegwa mabomu na nyingine ina mwenyewe. Basi wakaweka chaguo lingine: fedha taslimu, dola 50 kwa mtu mzima na 25 kwa mtoto, pamoja na chakula cha miezi kadhaa na vifaa vya nyumbani. Watu wengi sana walichagua fedha. Wataalamu waliogopa kwamba zitaliwa wiki moja. Lakini waliochagua walijua jambo ambalo mtaalamu hakuwa nalo, walijua ndugu zao wako kijiji gani. Fedha iliwapa uwezo wa kwenda huko walikotaka badala ya kule kwenye ardhi ya kugawiwa. Tunapobishana hapa kila mwaka kama tupewe unga au tupewe pesa, mjue si mara ya kwanza duniani.

Kuna jambo lingine la kambi zile, nimesitasita kuliandika. Mkuu wa gereza lile la Mtaa wa 113, Duch, zamani mwalimu wa hesabu, alitoweka baada ya 1979. Alipogunduliwa na mpiga picha mwaka 1999 alikuwa anatumia jina lingine, na kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ya afya kwenye kambi ya wakimbizi, watu wakimsifu kwa bidii. Mwaka 2010 mahakama ilimhukumu, na rufaa ikampa kifungo cha maisha. Amekufa 2020. Sitaki tuanze kuangaliana vibaya kwenye foleni ya bomba. Lakini sisi tunaojitolea afya, ambao tunaingia nyumba za watu, tunajua kwamba kambini huwezi kuuliza jirani yako zamani alikuwa nani. Unampima presha tu. Mimi nimempima mzee mmoja mwaka mzima na sijawahi kumwuliza, na yeye hajawahi kuniuliza baba yangu alikuwa upande gani.

Turudi mjini, jua linashuka.

Jioni msafiri anafika kwenye Uwanja wa Olimpiki. Uliwekwa wakfu 1964, na aliyeuchora ni Vann Molyvann, Mkambodia aliyesoma Paris, ndiye pia aliyechora Mnara wa Uhuru ule mwekundu katikati ya mji. Mwaka 1971 alikimbilia Uswisi na familia yake. Alirudi miaka ya 1990 akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka sitini, akakuta majengo yake mengine yamesimama na mengine yanavunjwa. Alikufa 2017. Mimi huyu mzee nampenda kuliko kasri zima la mfalme. Alikimbia, akakaa nje miaka ishirini, akarudi kuupigania mji wake kwa maneno na kalamu, na mara nyingi hawakumsikiliza.

Wapenda mpira, hiki ni chenu. Mwaka 1965 uwanja huo ndo uliokuwa mwenyeji wa mechi mbili za Korea Kaskazini na Australia kuwania Kombe la Dunia la 1966. Korea ilishinda zote mbili, ikaenda Uingereza ikawatoa Italia. Kwa nini walibaki wawili tu? Sababu mojawapo ni kwamba Afrika yote iligoma mashindano yale, maana FIFA haikutaka kuipa Afrika hata nafasi moja ya uhakika. Kwa hiyo hata sisi tuna kamkono ketu kwenye nyasi za Phnom Penh.

Siku hizi jioni kwenye ngazi za juu za uwanja huo watu wanafanya mazoezi kwa muziki, mamia, vijana kwa wazee. Chini wengine wanazunguka kwa miguu. Kamera inakaa pale muda mrefu, na safari hii sikulalamika. Kuna bibi mmoja kwenye kona ya video, nywele fupi nyeupe, raba nyeupe, anatembea akitikisa mikono. Anapita mara moja, anapita mara ya pili, ya tatu. Kwa umri wake, kama alikuwa mjini mwaka 1975, basi naye alitoka kwa miguu na wenzake. Labda hakuwa mjini, sijui. Lakini wapo wengi kama yeye ambao waliwahi kutembezwa na bunduki nyuma, na sasa wanatembea kwa sababu daktari kasema sukari imepanda.

Sasa nimjibu kaka yangu moja kwa moja. Unasema hatuwezi kutembea kama yule, kwa nini tuangalie. Una haki kwenye nusu ya kwanza. Yule ana pasipoti, sisi tuna karatasi ya usajili. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ilijiwekea haki ya kuchagua mahali wakimbizi watakapokaa na kupunguza mizunguko yao, na mwaka 2023 waliokuwa wakiishi mijini waliamriwa kurudi kambini. Hiyo ni sheria, ipo, hainibembelezi. Na nikuambie ukweli, usiku nilipomaliza kipande cha sita sikulala vizuri.

Ila angalia hapa. Mimi nimefika Lilongwe mara saba. Mara zote saba nilikuwa ndani ya gari nimemsindikiza mgonjwa, nimeshika chupa ya maji ya dripu. Naujua mji ule kwa dirisha lenye vumbi. Mtu akiniuliza Lilongwe ikoje nitamweleza geti la hospitali na benchi la nje. Ni mji mkuu wa nchi ninayoishi miaka kumi na moja! Phnom Penh nimeijua kwa siku sita za video kuliko Lilongwe. Hilo ndilo linaloniuma, na video ndo iliyonionyesha kwamba linaniuma. Zamani nilikuwa nadhani nimechoka tu.

Na Lilongwe ina mambo yake, jamani. Imekuwa mji mkuu mwaka 1975, badala ya Zomba, mwaka uleule ambao Phnom Penh ilimwagwa barabarani. Nao wamepewa namba, Area 2, Area 18, Area 47, ila zinafuata jinsi mji ulivyokua, kwa hiyo Area mbili zenye namba za kufuatana zinaweza kuwa mbali kabisa. Hesabu za darasa la nne hazitakusaidia. Kuna Mji wa Kale wenye soko na mto, kuna mji mpya wa ofisi, na katikati yake msitu. Mtu wa miguu angekuwa na kutwa nzima ya kuona. Miti ya jakaranda ikichanua mwezi wa kumi, hata kwa dirisha la gari la wagonjwa inapendeza.

Ombi langu kwa mashirika, basi. Mwaka jana mimi peke yangu nimekaa kwenye warsha tisa. Soda, kalamu, karatasi kubwa ukutani, "vijana mnataka nini", tukaandika, tukapigwa picha. Chukueni fedha ya warsha moja. Kodisheni minibasi moja, ombeni kibali cha kundi, watu 14, Jumamosi moja, kutoka asubuhi na kurudi kabla ya giza, majina yameandikwa, anayesimamia yupo. Tutembee Lilongwe kwa miguu. Hatuombi posho ya chakula, tutabeba mihogo yetu. Tukirudi kila mtu ataandika kurasa mbili na kuchora ramani aliyoiona, na mtakuwa na ripoti nzuri kuliko ile ya karatasi za ukutani. Nimeshaongea na mmoja wenu kuhusu jambo hili. Alisema wazo ni zuri lakini halina mstari kwenye bajeti. Nikamwuliza soda zina mstari? Alicheka, hakujibu.

Wakati tunasubiri, mimi na wenzangu wanne tumeanza hapahapa. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunatoka kwenye kona ya soko la Wakongo, tunazunguka kambi yote, tunauliza wazee kila sehemu ilikuwa nini kabla, ipi ilikuwa ya askari magereza, ipi lilikuwa shamba, nani alichimba kisima cha kwanza. Mzunguko wa kwanza tumejaza daftari moja, na tulifika nusu tu kwa sababu mzee mmoja alitushika saa mbili na nusu. Anayetaka aje. Avae viatu vigumu, mvua imeleta matope.

Kaka yangu wa "ukatili" bado hajakubali. Juzi kaniambia kwenye foleni kwamba nimeandika upuuzi na atanijibu humu kwa urefu. Halafu akaniuliza ile supu ya dakika kumi na mbili ina nyama gani ndani.